Bomba Lisilotoa Maji Ndilo la Kuchungwa

Kijana alikuja saa tano asubuhi akikokota baiskeli yenye madumu manne. "Shikamoo mama. Maji ya leo yamekuwa tui." Nilidhani ananitania, maana upande wa chini wa kijiji hawaishi kunitania. Akafungua dumu moja, akamimina kwenye bakuli langu la kunawia. Kweli, tui la pili, jeupe jembamba. Nikainusa ile harufu nikaijua mara moja, kwa sababu kila kipupwe tunalala nayo na kuamka nayo: dawa ya mikorosho.

Mimi ndiye mama wa tangi. Kijiji chetu kiko wilaya ya Newala, juu kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, na huu ni mwaka wa kumi na moja nashika funguo. Kisima kirefu kiko bondeni. Pampu inayapandisha maji hadi tangi la lita 50,000 lililojengwa sehemu ya juu kabisa, kisha bomba kuu linateremka kijijini kwenye vilula tisa, yaani vituo vya kuchotea maji, na nyumba chache zenye dira ya maji. Mama yangu alikuwa akishuka bondeni na mtungi alfajiri na kurudi jua limeshachoma. Kwa hiyo mtu akiniambia bomba ni kitu cha serikali namwangalia tu.

Nimeombwa na wenzangu wa vijiji jirani niandike tunavyoulinda mradi wetu. Nitaanza na lile tui, kwa kuwa ndilo lililonifundisha kuliko semina zote.

Siku ile nilifunga valvu ya tangi saa nne, kama ratiba ya mgao inavyosema. Juu kidogo ya shule, mkulima mmoja alikuwa anajaza pipa la kuchanganyia dawa ya maji ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho. Mpira alikuwa ameuzamisha ndani ya pipa, dawa ameshaitia, naye kaenda kunywa chai. Nilipofunga, wanawake wa vilula vya chini walikuwa bado wanakinga yale yaliyobaki kwenye bomba. Maji yakishuka na mengine hayaji nyuma yake, bomba linabaki na njaa, na bomba lenye njaa huvuta chochote kilicho mdomoni mwake. Likavuta pipa kupitia ule mpira. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mwenye pipa aliporudi alidhani limetoboka.

Ndiyo maana nasema kila mahali: usiogope bomba linalotoa maji kwa nguvu. Hilo likiwa na tundu, linatema nje. Liogope lililonyamaza, maana tundu lile lile sasa linanyonya ndani tope la mtaro, maji ya choo, chochote. Sisi wa maji ya mgao tunanyamazisha mabomba yetu kila siku, basi kila siku tunajitafutia hatari hiyo.

Suluhisho la tatizo hilo la mpira ni rahisi hata naona haya kuliandika. Mdomo wa mpira usizame. Uning'inie juu ya ukingo wa chombo, uwepo uwazi ambao maji hayawezi kuuruka kurudi nyuma. Mafundi hupima uwazi huo usipungue mara mbili ya upana wa bomba, wala usiwe chini ya sentimita mbili na nusu. Mimi nawaambia watu vidole vinne, hapo hakuna ubishi. Funga mpira kwenye kijiti chenye panda, kijiti ukiegemeze kwenye pipa. Mwenye dira nyumbani, na hasa mwenye tangi lake la plastiki, aweke pia valvu ya kuzuia maji kurudi baada ya dira. Lakini valvu huchakaa, ikashikwa na mchanga ikabaki wazi. Uwazi wa hewa hauchakai. Sisi tuliandika kwenye kanuni zetu kwamba pipa la dawa halijazwi kilulani kabisa: chota kwa ndoo, changanyia shambani. Mwaka wa kwanza walinuna.

Na kwa kuwa nimegusa mikorosho, niseme jambo moja ambalo sijaliona kwenye vitabu vya semina. Klorini ya unga tunayotibia maji na salfa ya unga tunayopulizia mikorosho zisilale ghala moja. Zikichanganyika zinaweza kuwaka moto zenyewe, tena moto mkali. Kwetu ghala la kijiji ni moja tu, kwa hiyo kila Mei salfa inapofika kuna mtu atasema "weka tu pale pembeni kwenye ndoo za klorini." Kataa. Klorini ikae peke yake, mahali pakavu penye hewa, mbali na dizeli, mafuta, mbolea na magunia. Kijiko chake kiwe chake, kikavu. Yangu iko kwenye chumba kidogo chini ya ngazi ya tangi, na ufunguo uko shingoni kwangu.

Salfa ina ujanja mwingine. Inapulizwa kiangazi, vumbi lake linatua kwenye mabati, linakaa hapo miezi hadi mvua za Novemba au Desemba. Wengi wetu huku juu bado tunakinga maji ya bati. Mvua ya kwanza, na ya pili kama ya kwanza ilikuwa manyunyu, igeuzie mgongo: ondoa bomba la mfereji kwenye tangi, paa lioshwe, ndipo urudishe.

Sasa kazi ya kila siku. Kulinda mradi wa maji ni kazi ya miguu. Mara moja kwa wiki natembea njia yote ya bomba kutoka tangini hadi kilula cha mwisho, na mara moja kwa mwezi nashuka hadi kisimani na mtu wa pampu. Natafuta nini? Majani mabichi wakati kila kitu kimekauka, hapo bomba linavuja. Mchanga uliozama. Kwenye udongo wetu wa kichanga uvujaji mdogo haujitokezi juu, unazama, utaona tu shimo kama la panya au mti mmoja wa mpapai umenawiri kuliko wenzake. Natazama mtoto gani amechimbua bomba kutengeneza daraja la kuchezea, nani amejenga bafu juu ya njia ya bomba, choo kipya kimechimbwa wapi. Kwenye tangi nauliza: mfuniko una kufuli? Wavu wa tundu la hewa haujatoboka? Ndege hajajenga? Mjusi mmoja akiingia mle atakaa mpaka aoze.

Kuna fomu ya maswali kumi ya ukaguzi wa vyanzo, mtindo wa Shirika la Afya Duniani, ya kujibu ndiyo au hapana. Kila ndiyo ni hatari moja. Sifuri hadi mbili unapumua, tatu hadi tano unapanga marekebisho, sita kwenda juu unafanya leo. Mara ya kwanza kisima chetu kilipata saba. Mbuzi walikuwa wanakunywa maji yanayomwagika pale pale, sakafu ya saruji ilikuwa na ufa ningeweza kuingiza kidole, na uzio ulikuwa umegeuka kuni. Kuziba ufa kulichukua mfuko mmoja wa saruji na asubuhi moja. Tulikuwa tumeuangalia miaka mitatu.

Choo kisipungue mita 30 kutoka kisimani, na kisiwe upande wa juu wa mteremko hata kama umetimiza hizo mita. Kwenye vyanzo vya wazi, kama ukingo wa mto au bwawa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 za kuachwa bila shughuli za binadamu za kudumu. Nendeni na kamba mkapime, msibishane kwa macho.

Klorini. Hapa ndipo watu wengi wanapotegeana. Hesabu yangu ni hii. Tangi langu ni lita 50,000. Nikitaka miligramu moja ya klorini kwa kila lita, nahitaji gramu 50 za klorini yenyewe. Unga tunaopewa una nguvu ya asilimia 65, kwa hiyo nagawa 50 kwa 0.65, napata gramu 77. Napima kwa mizani ndogo niliyonunua kwa fedha za mradi, siyo kwa kiganja. Unga nautia kwenye ndoo yenye maji, kamwe simimini maji juu ya unga, nakoroga kwa mti, naacha machicha yatulie, namwaga maji yake tangini wakati pampu inaingiza ili yachanganyike. Kisha nasubiri nusu saa kabla ya kufungua. Glovu, kitambaa puani, upepo mgongoni. Kama maji yana tope, klorini itaishia kupigana na tope. Yaache yatulie kwanza.

Halafu kipimo, nacho hakifanywi tangini. Tangini klorini ipo, si umeitia mwenyewe? Nenda kilula cha mwisho kabisa, kwetu ni kile cha karibu na zahanati, acha maji yatoke kidogo, kinga kwenye kichupa cha kipimo, tia kidonge, tikisa, maji yatageuka waridi. Linganisha rangi mapema, ukichelewa inakudanganya. Nataka nisome kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Chini ya 0.2 kuna kitu njiani kimeila, na kitu hicho mara nyingi ni uchafu ulioingia kupitia tundu usilolijua. Mwaka juzi kipimo kilishuka kutoka 0.4 hadi sifuri kwenye vilula viwili tu, vingine salama. Tulifukua bomba linalolisha hivyo viwili tukakuta kiungo cha bomba kimelegea ndani ya dimbwi la bafu. Hakuna mtu aliyekuwa ameumwa bado.

Ninaandika. Tarehe, saa ya kufungua, saa ya kufunga, gramu, kipimo, kilula gani, nimeona nini. Kama sikupima naandika "sikupima, vidonge vimekwisha" au "sikupima, nilikuwa msibani." Katibu wa kwanza hakupenda, alisema wakaguzi wakija tutaaibika. Siku moja kwenye semina mwezeshaji akatusimulia Walkerton, mji mdogo wa Ontario huko Kanada. Mei 2000 mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe ikaingia kwenye kisima kimoja cha mji. Watu 7 wakafa, zaidi ya 2,000 wakaugua. Uchunguzi ulipofanyika, ikaonekana wahudumu wa maji walikuwa na mazoea ya kuandika klorini 0.5 au 0.75 kwenye daftari bila kupima. Wao wenyewe walikuwa wakinywa maji hayo. Katibu alikuwa amekaa mbele yangu. Hakugeuka, lakini tangu siku hiyo hakunigusa tena kuhusu daftari langu.

Semina hiyo hiyo tulisikia la Maroochy, Queensland, Australia, nalo la mwaka 2000. Mtu aliyewahi kufanya kazi na kampuni iliyofunga mitambo ya majitaka aliomba kazi halmashauri akanyimwa. Akatumia kompyuta na redio kuingilia pampu, akamwaga majitaka karibu lita 800,000 kwenye vijito na viwanja. Wenzangu walicheka: sisi pampu yetu inawashwa kwa mkono, nani atatuingilia kwa redio? Nikawauliza, mhudumu wa kilula namba nne aliyeondolewa mwaka jana kwa upotevu wa fedha, ufunguo wake uko wapi? Kimya. Kufuli zilibadilishwa wiki hiyo. Ninyi wenye dira za malipo ya kabla na pampu za kuwashwa kwa simu, namba za siri ni funguo pia, mtu akiondoka zibadilishwe siku hiyo hiyo.

Wizi wa koki na dira nitaupita haraka. Koki za shaba zinaibwa kwa sababu zinauzika. Tulizungumza na serikali ya kijiji: mnunuzi wa chuma chakavu anayeingia hapa ajiandikishe na aonyeshe alichonunua kabla ya kutoka. Wizi umepungua.

Kuosha tangi ni mara mbili kwa mwaka kwetu, kabla ya mvua na baada ya mvua. Tunatoa maji yote, tunasugua kwa brashi na maji matupu, tunatoa tope, kisha tunapaka kuta kwa maji ya klorini: gramu 6 za unga ule wa asilimia 65 kwa ndoo ya lita 20. Yakae ukutani nusu saa, suuza, mwaga mbali na mashamba na kijito. Anayeingia asiwe peke yake, mfuniko uwe wazi tangu jana yake, amefungwa kamba, na mtu wa juu asiondoke hata akiitwa na mkewe. Akianza kukohoa au macho kuwasha, atoke.

Hapo nimefika kwenye majitaka, ambayo huku kijijini tunaona ni habari ya watu wa mjini. Wengi wetu hatuna bomba la majitaka, tuna shimo, na wenye nyumba nzuri wana karo, yaani tangi la majitaka lililojengwa chini ya ardhi. Lakini shimo likijaa linaenda wapi? Miaka minne iliyopita gari moja la kunyonya majitaka lilikuja kutoka mbali, likanyonya karo la nyumba ya wageni, na badala ya kurudi safari yote lilipakua kwenye korongo lililo juu ya kisima chetu. Mchunga mbuzi ndiye aliyeona. Tangu hapo gari la majitaka haliingii bila kuripoti kwa mtendaji: namba ya gari, karo la nani, linakwenda kumwaga wapi, na likirudi lionyeshe risiti ya bwawa la majitaka. Mwenye karo akiita gari bila taarifa, faini ni yake.

Jambo ambalo sitaki mtu alipite: usiingie kwenye karo wala chemba. Simu imedondoka, ufunguo umedondoka, kuku ameingia, acha. Mle kuna hewa chafu inayonuka kama mayai viza, na ukali wake ukizidi pua inaacha kuinusa, ukadhani imekwisha. Aliyeingia anaanguka, wa pili anaingia kumwokoa naye anaanguka. Ita watu wenye vifaa, na ninyi mlio juu mjizuie. Najua ni vigumu ndugu yako akiwa chini.

Mdogo wangu anakaa mjini, na kila masika ananipigia kulalamika kuwa chemba ya mtaa imefurika uani kwake. Nilipokwenda kumtembelea niliona jirani anainua mfuniko wa chemba ili maji ya mvua ya uwanja wake yaingie humo. Maji ya mvua yana mtaro wake. Ukiyaingiza kwenye bomba la majitaka, bomba halina nafasi, linatapika nyumba ya aliye chini. Matambara, nepi na mafuta ya kukaangia mihogo navyo visipelekwe humo. Na fundi anayechimba kulaza bomba la maji karibu na la majitaka ayatenganishe mita 3 ikiwezekana. Yakilazimika kupishana, la maji lipite juu.

Sasa tuseme limetokea, kama lile tui. Saa ya kwanza fanya hivi, na kwa utaratibu huu. Funga valvu ya tangi, hata kama imeshafungwa kahakikishe kwa mkono. Funga kila kilula, weka mtu, si karatasi, maana wenye kiu hawasomi. Kinga maji machafu kwenye chupa safi kabla hujayamwaga, andika saa na kilula. Bila chupa hiyo maabara haitakuwa na cha kupima. Piga simu kwa afisa wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ulioko tangu 2019 na kazi yake ni pamoja na hii, na kwa mganga wa zahanati ili ajue cha kutazama kwa wagonjwa. Tangaza msikitini, kanisani na kwa baragumu la mtendaji: msinywe, msipikie, msiogeshe watoto. Kama ni kinyesi au tope, kuchemsha kunasaidia. Kama ni dawa ya shambani, usimwambie mtu achemshe, dawa haitoki, inazidi kukolea. Tafuta pakiti ya dawa hiyo na usome jina lake kwa simu, mganga atalihitaji.

Baada ya hapo ndipo kuosha: kuanzia juu kwenda chini, fungua kilula cha kwanza mpaka maji yawe safi, kifunge, fuata cha pili, usiruke. Sisi ilituchukua siku mbili na maji ya tangi nzima. Pipa la jirani yangu lilikuwa la lita 200. Karibu nusu yake ilikuwa imeingia kwenye bomba. Mke wake alinisaidia kufungua na kufunga vilula siku zote mbili, na mume akalipa dizeli ya pampu baada ya mnada wa korosho, kama alivyoahidi. Kijiti chenye panda bado anacho, kimeegemea pipa shambani, ambako maji sasa anayapeleka kwa madumu.